Jinai haiozi! Polisi wakimwita mwenzio kwa jambo la miaka kumi iliyopita

Leo naomba tuyaweke kando mambo ya fungate na sare za kicheni pati, tuongee jambo ambalo likiingia ndani ya nyumba linaweza kuibomoa hata kabla hakimu hajajua kama lipo. Simu inaita, namba huijui. Sauti ya upande wa pili ina heshima zake zote: "Habari yako bwana, naongea kutoka kituo cha polisi, ofisi ya upelelezi. Kuna kajambo kadogo hapa kanakuhusu, hebu pita mara moja tukaweke sawa." Ukifika unaambiwa kajambo kenyewe ni ka mwaka 2012.

"Sasa jamani, miaka yote hiyo si imeshapita?" Imepita, lakini kesi inaweza kuwa bado hai. Watu wa mahakamani wana msemo wao, jinai haiozi, na hawatanii. Kwa Tanzania Bara hakuna sheria ya jumla inayosema kosa kubwa kama kuua, kubaka, kuiba au kughushi likikaa miaka kadhaa basi limekufa. Mlalamikaji anaweza kujitokeza leo kwa jambo la mwaka 1999 na polisi wakafungua jalada.

Wengi tunachanganya hapo kwa sababu tumesikia habari za ukomo wa muda. Ukomo upo, ila ni wa kesi za madai. Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971 inatoa miaka 6 kudai kilichotokana na mkataba, miaka 3 kwa madhara ya kawaida, na miaka 12 kudai ardhi. Ndiyo maana anayemdai mumeo hela alizomkopesha mwaka 2013, akishaambiwa na wakili kwamba muda wa kwenda mahakamani umepita, anageukia polisi, na deni linavishwa koti la "kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu". Maneno hayo yanatisha, lakini upande wa mashtaka unatakiwa uthibitishe kwamba uongo ulikuwepo tangu siku pesa ilipotoka mkononi. Mtu aliyekopa kwa nia njema biashara ikamfia ni mdaiwa tu. Hilo ni moja ya mambo ya kwanza ya kumwambia wakili, na ikibidi kumwambia afande, kwa sauti ya upole.

Kuna jambo jingine kuhusu muda ambalo liko upande wako. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza kumwadhibu mtu kwa kitendo ambacho siku kilipofanyika hakikuwa kosa, na inakataza kumpa adhabu kali kuliko iliyokuwepo siku hiyo. Chukua mfano wa Sheria ya Makosa ya Mtandao, ambayo ni ya mwaka 2015. Ujumbe wa simu wa kumtukana mpenzi wa zamani uliotumwa mwaka 2011 hauwezi kushtakiwa kwa sheria hiyo, hata kama mwenyewe ameuhifadhi mpaka leo na anauonyesha kwa kila shemeji. Kwa hiyo swali la "ni mwaka gani?" ni la msingi, tena liulizwe mapema.

"Nenda tu kawaeleze ukweli"

Nina rafiki yangu tuliyetoka naye mbali, tangu enzi za kugawana kitanda hosteli. Mwaka 2022 mumewe aliitwa kituoni, siku ya Ijumaa mchana. Mwanamke aliyekuwa naye kabla ya ndoa alikuwa amefungua malalamiko kwamba alimbaka, mwezi Novemba 2011. Rafiki yangu aliniambia alivyomwandalia mumewe shati la kunyoosha na kumwambia kama ambavyo wengi wetu tungesema: "Si huna hatia? Nenda tu kawaeleze ukweli wote, utarudi kabla ya chakula cha usiku."

Akaenda peke yake, akaeleza, yaani akaeleza kweli kweli, maana ni mtu wa kupenda kuridhisha watu. Alipoulizwa kama Novemba 2011 alikuwa akilala kwa yule dada, akajibu, "Labda, inawezekana, zamani zile tulikuwa pamoja." Katika karatasi ikaandikwa kwamba mtuhumiwa anakiri kuwa mwezi huo alikuwa akilala nyumbani kwa mlalamikaji. Akasaini kurasa zote bila kuzisoma, kwa sababu giza lilikuwa linaingia na aliahidiwa kwamba akisaini ataondoka. Hakuondoka mpaka Jumatatu.

Wiki mbili baadaye, katika sanduku la mama mkwe, zikapatikana tiketi za basi na barua ya chuo: Novemba yote alikuwa Mwanza kwenye mafunzo kwa vitendo. Sasa ana karatasi mbili zinazogombana, na moja ina sahihi yake. Anayesoma jalada bila kumjua anaona mtu aliyebadilisha maneno baada ya kushtuka.

Sisemi kwamba yule dada alidanganya. Mimi sikuwepo mwaka 2011, na yeye naye anaweza kuwa amekosea mwezi bila kukosea tukio. Ninachosema ni kwamba katika tuhuma ya zamani, kumbukumbu ndiyo inayokutia matatani. Jana ulikula nini mchana? Ukijibu "nadhani wali", afande ataandika "wali". Sasa fikiria swali linalohusu miaka 11 nyuma, jasho linakutoka, na simu yako iko mezani kwake.

Mwaka 2023 jalada lilirudi kutoka kwa waendesha mashtaka bila mtu kushtakiwa, lakini katikati hapo rafiki yangu alihamia kwa dada yake miezi minne, mtoto akabadilishwa shule, na wakili alikula akiba ya kiwanja. Wakili wao pia aliwaeleza jambo ambalo hawakulipenda: jalada kurudi hivyo si sawa na kuachiwa huru na mahakama baada ya kesi kusikilizwa. Ushahidi mpya ukipatikana, linaweza kufunguliwa tena.

Kuitwa si kukamatwa

Mimi si mwanasheria, nilisomea mawasiliano. Lakini baada ya mkasa ule niliisoma Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, Sura ya 20, kama wengine wanavyosoma riwaya. Ni sheria ya Bara. Zanzibar wana ya kwao, hivyo ndugu zangu wa Unguja na Pemba waulize huko huko. Na wasomaji wetu wa Mombasa na Nairobi wao wana ibara ya 49 ya Katiba yao ya mwaka 2010, ambayo imeandika waziwazi haki ya kunyamaza na ya kufikishwa mahakamani ndani ya masaa 24.

Sheria yetu inasema askari anayepeleleza anaweza kumtaka mtu anayeelekea kujua habari za tukio afike mbele yake, kwa amri ya maandishi. Simu si maandishi. Lakini shoga yangu, usije ukamshauri mumeo azime simu akajifiche kwa shangazi Tanga! Kwa makosa mengi makubwa polisi wanaweza kumkamata mtu bila hati wakiwa na sababu za msingi za kumshuku, na mtu aliyekimbia anawapa hoja nzuri ya kupinga dhamana yake baadaye. Dawa ni kuuliza, kwa adabu, huku unaandika: Afande, jina lako nani na cheo chako? Ni kituo gani? Ninaitwa kama shahidi au kama mtuhumiwa? Ni jambo gani, la lini? Naweza kufika kesho saa tatu asubuhi nikiwa na wakili wangu? Mara nyingi jibu la swali la mwisho ni ndiyo, kwa sababu jambo lililosubiri miaka kumi linaweza kusubiri usiku mmoja.

Ukiambiwa "wewe njoo tu, utayajua huku huku," nenda na mtu. Na usiende na mtu mwenye hasira. Kaka mkubwa anayependa kugonga kaunta mwacheni nyumbani.

Kuhusu shahidi na mtuhumiwa, hapo pana mtego. Unaweza kuitwa kama shahidi, ukakaribishwa kiti, na katikati ya mazungumzo maswali yakageuka: badala ya "ulimwona nani?" ukasikia "wewe ulikuwa wapi?" Hapo simama uulize tena: "Afande, sasa mimi ni mtuhumiwa?" Kisha uliza swali ambalo naona ndilo muhimu kuliko yote: "Naruhusiwa kuondoka?" Kwa sheria hii, mtu yuko chini ya ulinzi hata kama hajafungwa pingu wala kuambiwa neno "umekamatwa". Inatosha kwamba yuko na askari kwa ajili ya upelelezi na askari huyo hatamruhusu aondoke akitaka. Akikujibu "huondoki", basi haki zote za mtu aliye chini ya ulinzi zimeanza kufanya kazi dakika hiyo, hata kama mezani mna soda.

Lile onyo

Kabla ya kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, askari anatakiwa ajitambulishe kwa jina na cheo, amweleze kwa lugha anayoielewa kwamba yuko chini ya ulinzi na kwa kosa gani, kisha ampe onyo. Onyo lenyewe linasema hivi kwa maneno ya kawaida: hulazimiki kujibu swali lolote la polisi isipokuwa jina lako na anwani yako, na unaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Mahojiano ya namna hii ndiyo yanayozaa kile kinachoitwa maelezo ya onyo, na watu wengi husikia onyo hilo kama tangazo la kufunga mkanda ndani ya ndege. Linapita, wanaendelea kuongea.

Tuliosomea mawasiliano tulifundishwa kwamba ukimya nao ni ujumbe. Nyumbani ni kweli kabisa: mume akinyamaza wiki nzima, ujumbe umeupata! Lakini chumba cha mahojiano si sebuleni. Hakuna sheria inayosema aliyenyamaza mbele ya polisi amekiri. Unaweza kusema: "Afande, jina langu ni hili, naishi mtaa huu. Jambo hili ni la zamani, sitaki kukosea, nitajibu nikishaonana na wakili wangu." Sentensi hiyo haina matusi wala ujeuri, na ingemwokolea mume wa rafiki yangu miezi mingi.

Najua utasema, "Lakini mtu asiye na hatia anyamaze kwa nini?" Hata mimi ningependa iwe rahisi hivyo. Shida ni kwamba asiye na hatia ndiye anayekuwa na haraka ya kujisafisha, hivyo anakisia, na makisio yanaandikwa kama kumbukumbu.

Ukiomba kuwasiliana na mtu, askari anatakiwa akuwezeshe. Kwa ndugu au rafiki anaweza kukataa akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba kufanya hivyo kutamsaidia mshirika wa kosa kutoroka au kutapoteza ushahidi. Sababu hizo sheria imeziweka kwa ndugu na rafiki. Haikuziweka kwa wakili. Kwa hiyo namba ya kwanza kuikariri kichwani iwe ya wakili, maana simu yenyewe huenda ikachukuliwa. Ikichukuliwa, omba hati ya kuonyesha kilichochukuliwa, ni haki yako kupewa.

Masaa manne, siyo saa nne

Kiswahili chetu hapa kina utani wake, kwa hiyo niseme vizuri: namaanisha muda wa masaa manne, siyo saa nne asubuhi. Huo ndio muda wa msingi wa kumhoji mtu tangu alipowekwa chini ya ulinzi. Muda wa kumsafirisha, au wa kumsubiri wakili wake, hauhesabiwi. Askari anayesimamia upelelezi anaweza kuuongeza kwa masaa yasiyozidi manane na anatakiwa amjulishe mhusika. Zaidi ya hapo aende kwa hakimu.

Je, inafuatwa? Wewe na mimi tunaishi nchi hii hii. Lakini Mahakama ya Rufani imeshayatupa maelezo ya onyo yaliyochukuliwa nje ya muda huo bila maelezo ya kuridhisha, na kesi nyingine zikabaki bila miguu. Kwa hiyo wewe uliye nje, unayeshika mkoba na chupa ya maji, kazi yako ni saa. Andika aliingia saa ngapi, aliitwa chumbani saa ngapi, nani alimchukua, alitoka saa ngapi. Mke anayeandika hivyo nyuma ya daftari la mtoto anamsaidia mumewe kuliko anayelia kaunta, ingawa kulia nako si dhambi.

Halafu kuna masaa 24. Mtu aliyekamatwa bila hati, kama haielekei kwamba ndani ya masaa 24 anaweza kufikishwa mahakamani, mkuu wa kituo anatakiwa aangalie suala lake na kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana ni zito. Hapo kwenye "zito" ndipo watu wanapolala Ijumaa mpaka Jumatatu. Mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha hayana dhamana kabisa. Kwa mengine, dhamana ya polisi haiuzwi. Kinachotakiwa ni mdhamini anayeaminika, kitambulisho chake, na kwa kawaida barua ya serikali ya mtaa. Anayekuomba "hela ya karatasi" anakuomba rushwa, na TAKUKURU wana ofisi mpaka wilayani.

Kalamu ikiwa mkononi

Sasa tuje kwenye sahihi. Maelezo yakishaandikwa, mhojiwa ana haki ya kuyasoma au kusomewa, na ana haki ya kusahihisha, kubadilisha na kuongeza kabla ya kusaini. Haki hii iko kwenye sheria, haitegemei moyo wa afande. Soma neno kwa neno. Ulisema "sikumbuki", wameandika "hapana"? Sahihisha. Ulisema "labda", wameandika "ndiyo"? Kata, andika "labda", weka sahihi ndogo pembeni. Pana nafasi wazi chini ya ukurasa? Pigia mstari. Kama hukuvaa miwani, omba miwani iletwe. Shahidi naye asome yake vilevile; wapo waliosaini kama mashahidi wakajikuta wamejichimbia shimo.

Na ile "saini tu, uende nyumbani"? Sheria ya Ushahidi inataka ungamo mbele ya polisi liwe la hiari, na upande wa mashtaka ndio unaobeba mzigo wa kuthibitisha hiari hiyo. Ungamo lililotokana na vitisho, kipigo au ahadi linaweza kupingwa, ingawa hakimu atapima kama kweli ahadi ile ingeweza kumfanya mtu aseme uongo. Usijitegemeze hapo. Ni rahisi zaidi kutosaini uongo kuliko kuja kuukana mbele ya mahakama mwaka unaofuata.

Kuna mambo mawili ambayo hufanyika nyumbani usiku ule ule na huharibu kila kitu. La kwanza ni kufuta. Mke anashika simu ya mumewe anafuta picha na ujumbe wa zamani, mwingine kwa wivu, mwingine kwa kudhani anasaidia. Kuharibu ushahidi kwa makusudi ni kosa la jinai lenyewe, na isitoshe huenda umefuta kitu cha pekee kilichokuwa kinamtetea. Badala yake kusanyeni: tiketi, hati za kusafiria, barua za kazi, taarifa za benki, picha zenye tarehe. La pili ni kumtafuta mlalamikaji. "Ngoja nimpigie huyu dada tuyamalize kiutu uzima." Usithubutu! Wala mama mkwe asitumwe na kitenge. Hata mkienda kwa nia nzuri, kesho yake litaandikwa kwamba familia imemtisha shahidi.

Na anayelalamika, je?

Nawaona wasomaji wangu wengine wamekunja uso: "Mhariri, mbona unawafundisha wabakaji kukwepa?" Swali ni halali, maana baadhi yenu ndio mnaolalamika, na mlikaa kimya miaka mingi kwa sababu aliyewafanyia alikuwa baba mdogo, au mwalimu, au mtu aliyekuwa analipa ada. Kuchelewa kusema si uthibitisho wa uongo. Mahakama ya Rufani imekuwa ikisema kuchelewa kusikoelezwa kunaitaka mahakama iwe makini. Neno la kushika hapo ni "kusikoelezwa". Ukiwa na sababu, ieleze tangu siku ya kwanza, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, iandikwe. Na tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ushahidi wa aliyetendewa, mahakama ikiuamini, unaweza kutosha peke yake. Kwa kosa lenye kifungo cha miaka isiyopungua 30, huo ni uzito mkubwa.

Sasa fikiri: umesubiri miaka 12, umepata ujasiri, mtuhumiwa amehukumiwa, halafu kwenye rufani maelezo yake yanatupwa kwa sababu alihojiwa usiku kucha bila onyo. Anatoka, na mnakutana sokoni. Kwa hiyo ukisikia polisi wanamkumbusha haki zake, usidhani wamenunuliwa, maana mahojiano yaliyofuata sheria ndiyo yatakayosimama mpaka rufani.

Kinachosemwa chumbani kwenu

Hili liliniduwaza, na naamini litakuduwaza. Kwa kawaida sheria haimlazimishi mke kutoa ushahidi wa upande wa mashtaka dhidi ya mumewe, wala mume dhidi ya mkewe. Akitaka mwenyewe anaweza, na mahakama inatakiwa imjulishe kwanza kwamba halazimiki. Lakini kinga hiyo ina matundu. Kesi ikiwa ya makosa dhidi ya maadili, na kubaka kumo humo, mke anaweza kulazimishwa kupanda kizimbani. Vivyo hivyo kosa likiwa chini ya Sheria ya Ndoa, au likiwa limemgusa mke mwenyewe, watoto, au mali yake. Na sheria inazungumzia mume na mke, wachumba hawamo.

Kwa hiyo usiku ule wa kwanza, kabla hujamweka mwenzio kikaangoni umhoji kuliko mpelelezi, jua kwamba maneno yanayohitaji ulinzi ni yale anayomwambia wakili wake, ambayo sheria inayalinda. Mimi sikuambii usiulize. Mwanamke ana haki ya kujua amelala na nani miaka yote hii. Rafiki yangu aliuliza mara moja, akajibiwa, akaamua kuamini nusu. Ile nusu nyingine ndiyo iliyompeleka kwa dada yake, na sheria yoyote isingeweza kumwamulia arudi au asirudi. Alirudi mwenyewe, kabla jalada halijarudi, na hajaniambia kwa nini.

Wakili bila hela ya wakili

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya wasio na uwezo. Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada wa bure kwa wanaostahili. Zanzibar kuna Kituo cha Huduma za Sheria. Wasaidizi wa kisheria wako hata wilayani, ingawa wao hawasimami mahakamani kama mawakili. Watakuelekeza na kukuandikia barua. Ukienda, beba karatasi moja yenye tarehe tu, bila hadithi: mwaka gani alikuwa wapi, akiishi na nani, akifanya kazi gani, na lini polisi walipiga simu mara ya kwanza.

Kama mwenzio ametendewa vibaya kituoni, malalamiko yaende kwanza kwa mkuu wa kituo, kisha kwa kamanda wa mkoa, na yasiposikika kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kote huko watakuuliza jambo moja kabla ya yote: askari huyo ni nani, cheo gani, na ilikuwa saa ngapi.